UZI: Tunabadilishana Noah na IST, naongezewa milioni 3. Ushuru unapigwa kwenye gari au kwenye nyongeza? Na gari la zawadi je?

#1 Mwana wa Makorora
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga mjini. Nina Noah, binamu yangu wa Muheza ana IST. Yeye familia imekua, kila safari ya kijijini watoto wanapakatana. Mimi Noah inanimaliza mafuta, kazi yangu ni kwenda na kurudi Pongwe kila siku. Tumekubaliana tubadilishane. Noah tumeipa milioni 14, IST milioni 11, kwa hiyo ananiongezea milioni 3 juu. Pesa itakayopita mkononi ni hiyo tu.

Dalali mmoja wa Ngamiani anasema ile asilimia 1 ya stempu inapigwa kwenye milioni 3, yaani elfu 30 basi. Jirani yangu naye anasema kila gari linapigwa kivyake. Nani yuko sahihi?

La pili: baba mkubwa ni mstaafu, macho hayamruhusu tena kuendesha. Anataka kumpa dada yangu Raum yake, bure kabisa. Zawadi nayo ina kodi?

#2 Raskazone Asubuhi
Natandika mkeka hapa, nasubiri wajuzi. Na mimi nina ya kwangu ya kubadilishana.

#3 Karani Mstaafu
Tuanze na yasiyo na ubishi. Kuhamisha umiliki wa gari kuna mambo matatu ya kulipia TRA. Ada ya uhamisho 50,000 kwa gari. Kadi mpya yenye jina lako 10,000. Halafu ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Mbili za kwanza hazijali gari limeuzwa, limebadilishwa au limetolewa sadaka. Jina likibadilika kwenye kadi, unalipa.

Kwa hiyo nyie wawili mna uhamisho mara mbili. Hapo tayari ni 120,000 kabla hatujagusa stempu. Dalali wako hilo alikwambia?

#4 Mwana wa Makorora
Hakuniambia. Shukrani mkuu.

#5 Ngamiani Barabara ya Kumi
Mimi namtetea dalali. Kodi inafuata pesa. Milioni 11 ya IST haijatoka mfukoni kwa mtu, gari limeenda gari limekuja. Kilichouzwa hapo ni tofauti ya milioni 3. Utamtozaje mtu asilimia ya pesa ambayo hajaishika?

#6 Mtanga wa Houston
Wakuu, nawasoma kutoka Texas. Hoja ya #5 ndivyo ilivyo huku, lakini kwa kodi ya mauzo. Jimbo linatoza asilimia 6.25 ya bei ya gari. Ukienda yadi kununua gari la dola 20,000 na wakachukua lako la zamani kwa dola 8,000, unatozwa kwenye dola 12,000 zilizobaki. Hiyo ni dola 750. Bila gari la zamani ungelipa 1,250. Ndiyo maana wengi wanaona bora waiachie yadi gari la zamani hata kwa bei ya chini kidogo, kuliko kuhangaika kuliuza wenyewe.

Watu wawili wakibadilishana gari kwa gari bila nyongeza yoyote, kila mmoja analipa dola 5. Tano tu.

Zawadi ni dola 10, mkijaza kiapo wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Lakini iwe ya mume na mke, mzazi na mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi na mjukuu, na wachache wengine waliotajwa. Mjomba na mpwa hawamo. Mjomba akikupa gari huku, wanalichukulia kama mauzo, na wana bei yao ya kukisia ya kila gari. Wanatoza kwenye asilimia 80 ya bei hiyo hata kama hukutoa kitu.

Na msidhani Marekani yote iko hivyo. California hawakupunguzii kitu kwa gari la zamani uliloiachia yadi, unalipa kodi ya bei nzima. Oregon hakuna kodi ya mauzo kabisa.

#7 Bi Chumbageni
Mjomba hayumo kwenye ndugu?! Huko mimi siendi. Mimi nimesomeshwa na mjomba mwanzo mwisho.

#8 Raskazone Asubuhi
#6 umesahau Uswahilini mjomba ni zaidi ya baba. Wapelekee ujumbe hao wa Texas.

#9 Mtanga wa Houston
Haha, nitawafikishia. Lakini kweli iliniuma, kuna kijana wa kwetu hapa lilimkuta hilo hilo.

#10 Karani Mstaafu
#6 asante kwa darasa. Ila wakuu tusichanganye. Ile ya Texas ni kodi ya mauzo, inaangalia kilicholipwa. Huku asilimia 1 ni ya hati. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inatoza karatasi mliyosaini. Ndiyo maana hati isiyo na stempu mahakamani haipokelewi kuwa ushahidi hadi ilipiwe, na mnatakiwa kuilipia ndani ya siku 30 tangu kusaini. Sasa hati inasema nini? Inasema gari la milioni 14 limetoka kwa fulani kwenda kwa fulani, na la milioni 11 limetoka kule kuja huku. Milioni 3 ni malipo ya kusawazisha tu. Kwa hiyo mimi nasimama na jirani: 140,000 na 110,000, jumla 250,000.

#11 Kijana wa Duga
Si kweli. Kama ni hati basi tuhesabu hati. Wakiandika hati MOJA ya kubadilishana, inalipiwa mara moja, kwa lile gari lenye thamani kubwa. Hapo ni 140,000. Nimesoma sheria chuo, kubadilishana mali kuna mstari wake kwenye jedwali la viwango la sheria hiyo, hakusomwi kama mauzo mawili.

#12 Karani Mstaafu
Kijana, nakuelewa, lakini mfumo unafanya kazi gari kwa gari. Kila gari lina kadi yake, maombi yake, TIN ya anayetoa na TIN ya anayepokea. Ukipeleka hati moja kwa magari mawili, lile la pili utaliombea uhamisho kwa karatasi gani?

#13 Kijana wa Duga
Kwa nakala ya hati hiyo hiyo. Hati ikishalipiwa imelipiwa.

#14 Ngamiani Barabara ya Kumi
Kwa hiyo tuna elfu 30, laki na arobaini, na laki mbili na nusu. Kwa jambo moja. Jamani.

#15 Fundi wa Kange
Mimi nitoe yaliyonipata. Tulibadilishana na jamaa, mimi Carina yeye Spacio. Wakili alituandikia mikataba miwili ya mauziano, kila mmoja na bei yake, kama vile tumeuziana kwa pesa. Akasema hivyo ndivyo vinavyopita bila maswali. Kila mtu akalipia stempu ya gari alilopokea. Hatukubishana kwa sababu magari yalikaribiana bei. Sijui kama ndiyo sheria, ninachojua kadi zilitoka.

#16 Mabawa Jioni
Mnajisumbua wakuu. Andikeni milioni 4 moja, milioni 1 nyingine, mmalize. Nani anakuja kukagua Noah yako?

#17 Bi Chumbageni
#16 usimshauri mtu hivyo, nakuomba. Mdogo wangu alinunua gari kwa milioni 9 na mkataba ukaandikwa 3, ili stempu iwe elfu 30 badala ya elfu 90. Kaokoa elfu 60. Baada ya muda wakaja watu wa mkopo: gari lilikuwa dhamana, aliyemuuzia alikuwa hajamaliza deni. Wakalivuta. Alipomfungulia kesi muuzaji, karatasi pekee aliyokuwa nayo ilisema milioni 3, na pesa alilipa taslimu pale pale uani, hakuna risiti wala muamala. Nilikuwa nimekaa nyuma yake mahakamani. Yule muuzaji alikuwa ameinyoosha nakala yake juu ya meza, kidole kimekaa pale penye tarakimu, sahihi ya mdogo wangu chini yake na muhuri wa wakili umeigonga katikati. Akawa anarudia, "Mimi nilipokea hii." Milioni 6 zimeenda hivyo. Mkataba unaandika kwa ajili ya siku mtakapogombana.

#18 Mabawa Jioni
Pole sana Bi. Hilo la dhamana sikulifikiria.

#19 Karani Mstaafu
Bi Chumbageni kasema. Nami niongeze: ofisa akiona bei iliyoandikwa haifanani na gari, ana haki ya kuhoji thamani. IST ya milioni 1 hata mtoto atashangaa.

#20 Pangani Mto
Samahani, na VAT je? Nasikia asilimia 18 kwenye gari. Na ile kodi ya faida ya asilimia 10?

#21 Kijana wa Duga
Ile ya asilimia 10 unayoisikia ni ya faida ya kuuza nyumba na ardhi. Mtu binafsi kuuza gari lake la kutembelea haimhusu. VAT anatoza aliyesajiliwa VAT. Mtu na binamu yake hawamo. Lakini kampuni iliyosajiliwa ikiuza pikapu yake ya kazi, hapo VAT inaingia na risiti ya EFD, ile ya mashine, inatolewa. Na kampuni hiyo hiyo ikibadilishana gari na mtu, isidhani imekwepa kwa kuwa hakuna pesa: wanaangalia thamani ya soko ya ilichopokea. Tangu 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa ni milioni 200 kwa mwaka, zamani kilikuwa milioni 100. Yadi kubwa nyingi zimo.

#22 Pangani Mto
Nimekupata. Ahsante.

#23 Mzee wa Mikanjuni
Vijana mmeng'ang'ana na Noah, mmeliacha la zawadi, na kwangu mimi hilo ndilo lenye hatari. Niwaeleze.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na pikapu. Alipoanza kuumwa miguu alimwambia mpwa wetu mbele ya watu, "Hili gari ni lako." Kijana akalichukua, akabeba nalo machungwa kutoka Muheza misimu mingi, akalifunga injini nyingine kwa pesa yake. Kadi haikubadilishwa. Wote walikuwa wanasema tutabadilisha, tutabadilisha, kwanza stempu, kwanza wakili, mwisho kaka akafariki.

Tulipokaa kwa ajili ya mirathi, mjane mdogo akaleta kopo la biskuti lililokuwa na nyaraka za marehemu. Hati ya kiwanja, kitabu cha benki, na kadi ya ile pikapu ndani ya nailoni, jina la kaka. Watoto wakasema gari ni la baba. Kijana anasema nilipewa. Mashahidi wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, wa tatu anakumbuka nusu. Tumefika Mahakama ya Mwanzo. Likauzwa, likagawiwa, na mpwa akapata gharama za injini tu, tena kwa huruma ya warithi. Mpaka leo haji kwetu Idi.

Mwana wa Makorora, baba yako mkubwa angali hai na ana akili zake timamu. Fanyeni sasa.

#24 Raskazone Asubuhi
Daah. Pole Mzee wetu. Ila kidini hiba si inatimia kwa kukabidhi? Kijana alikuwa na gari miaka yote hiyo.

#25 Mzee wa Mikanjuni
Ndiyo, hiba inatimia kwa kukabidhi na kupokea. Ubishi ukawa hapo hapo: amekabidhiwa, au ameazimwa kutafutia riziki? Kaka alikuwa akitaka kwenda hospitali anampigia, kijana anakuja kumchukua kwa gari hilo. Warithi wakasema basi lilikuwa bado la baba. Na angekuwa ametoa akiwa kwenye maradhi ya mauti lingehesabiwa kama wasia, halizidi thuluthi ya mali, na kama ni kwa mrithi lazima wenzake waridhie. Ndiyo maana nasema karatasi.

#26 Bi Chumbageni
Karatasi yenyewe ni hati ya zawadi, wakili anaiandika, baba mkubwa anasaini, dada anasaini kupokea, na mashahidi. Watoto wa baba mkubwa wakikaa kama mashahidi ni bora zaidi. Hapo hakuna wa kuja kusema hakujua.

#27 Mwana wa Makorora
Nimeshukuru sana Mzee na Bi. Watoto wake wawili wapo hapa mjini, nitawaomba. Sasa stempu ya zawadi? Bei ni sifuri. Asilimia 1 ya sifuri si sifuri?

#28 Ngamiani Barabara ya Kumi
Sifuri. Huwezi kutoza bei ambayo haipo.

#29 Karani Mstaafu
Ingekuwa hivyo, nchi nzima tungekuwa tunazawadiana. Kila muuzaji angeandika hati ya zawadi na kupokea pesa pembeni. Zawadi inaandikwa thamani ya gari na stempu inafuata thamani. Raum ya milioni 6 ni elfu 60, na zile 60,000 za ada na kadi. Laki na ishirini.

#30 Fundi wa Kange
Mimi nilimhamishia mama mkwe Vitz kwa zawadi. Wakili alisisitiza tuandike thamani, akakataa kuacha wazi. Lakini rafiki yangu wa Korogwe anasema yao haikuwa na thamani yoyote na wakalipa ada na kadi tu. Sasa sijui.

#31 Kijana wa Duga
Ya Korogwe ilipita, haina maana ndiyo sheria. Ila sikubali na sababu ya Karani. Watu kuweza kudanganya hakutoshi kuwa msingi wa kodi. Msingi ni kwamba hati ya zawadi imetajwa kwenye jedwali kama hati nyingine za kuhamisha mali.

#32 Mtanga wa Houston
Karani lakini hoja yake ndiyo iliyowafanya huku waweke kile kiapo. Watu walikuwa wanauziana na kuandika zawadi. Kwa hiyo wakabana ni ndugu gani, wakaweka kiapo, na kudanganya ni kosa la jinai.

#33 Forodhani
Kuna jambo hamjamuuliza. Hiyo Raum iliingia nchini kwa msamaha wa kodi? Mstaafu huyo alikuwa mtumishi wa umma? Magari ya msamaha, ya watumishi, ya miradi, ya taasisi za dini, yakihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa inaweza kudaiwa. Hapo hatuzungumzii elfu 60 tena. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, juu yake VAT. Angalia historia ya gari kabla ya kwenda kwa wakili.

#34 Mwana wa Makorora
Alikuwa mwalimu mkuu. Nijuavyo aliinunua mkononi kwa mtu Dar, lakini nitamuuliza.

#35 Forodhani
Kama alinunua mkononi na kadi ina jina lake, kuna uwezekano mkubwa iko salama, ingelikwama wakati ule. Uliza hata hivyo, na uone ile kadi yenyewe. Wako wanaoshika kadi ya mtu wa tatu nyuma.

#36 Mabawa Jioni
Msisahau na ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, lazima iwe imelipwa kabla ya kuhamisha.

#37 Karani Mstaafu
Hiyo ilifutwa 2017. Bajeti ya mwaka ule ikaondoa ada ya mwaka na kuongeza ushuru wa mafuta shilingi 40 kwa lita. Kila mwenye Noah anailipa kituoni, ndiyo maana ndugu yetu anataka IST. Kilichobaki kuangalia ni faini za barabarani na bima. Bima mwambie kampuni, kadi ikibadilika jina na bima ibadilike.

#38 Mombasa Road
Nidandie. Shemeji yangu wa Mombasa anataka kunipa Probox yake. Nikiipitisha Horohoro na hati ya zawadi inatosha?

#39 Forodhani
Haitoshi. Gari la namba za Kenya kuja kubaki huku ni kuliingiza nchini. Unalipa kodi za forodha kama limeshuka melini, na likiwa limezidi umri fulani tangu kutengenezwa kuna nyongeza ya uchakavu. Hati ya zawadi inaonyesha tu umelipataje, thamani wanaikadiria wao. Piga hesabu kabla hujamshukuru shemeji.

#40 Bi Chumbageni
Na ya Pemba? Kaka yangu kule ana gari la namba za Z.

#41 Forodhani
Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, ZRA, na VAT yake ni asilimia 15, bara 18. Gari la Z kuja kusajiliwa bara lina hatua za forodha kwanza, ndipo mzungumze kadi na stempu. Mwambie asilipandishe chomboni kabla hajauliza.

#42 Raskazone Asubuhi
Uzi umeanza Makorora, umepita Texas, sasa uko Wete. Waja leo waondoka leo, lakini humu hakuna anayeondoka.

#43 Mwana wa Makorora
Mrejesho mfupi wakuu. Nimepita kwa mawakili wawili. Wa kwanza anataka mikataba miwili ya mauziano kama ya Fundi wa Kange. Wa pili kasema hati moja ya kubadilishana kama alivyosema Kijana wa Duga, ila thamani za magari yote mawili ziandikwe na nyongeza itajwe. Wote wawili wameikataa elfu 30 ya dalali. Binamu anapenda ya hati moja, mimi naogopa kukwama dirishani. Ya Raum tumeshakubaliana: thamani inaandikwa, na watoto wote wa baba mkubwa wanasaini. Alipoambiwa kuhusu kadi alikwenda ndani akaitoa mwenyewe, ina jina lake.

#44 Ngamiani Barabara ya Kumi
Bado nasema mnatozwa pesa ambayo haipo.

#45 Kijana wa Duga
Nenda na hati moja, kaulize dirishani kwa maandishi kabla ya kusaini, jibu wakupe kwa maandishi pia.

#46 Karani Mstaafu
Mikataba miwili. Mwaka mmoja baadaye ukiuza hiyo IST, mnunuzi atataka kuona mkataba wa gari lake, hatataka habari za Noah.

#47 Mkwakwani
Samahani kwa kuchelewa kufika. Na sisi tunaobadilishana bajaji na pikipiki tunalipa 50,000 hiyo hiyo?

#48 Fundi wa Kange
Hapana, bajaji na pikipiki ada ya uhamisho ni 27,000. Kadi 10,000 ni ile ile. Stempu subiri hawa wawili wamalize.